Acheni kuhesabu sentimita za theluji, ulizeni nyuzi sifuri iko wapi na upepo unatoka upande gani

Kila msimu wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji, ukianza kule kwenye milima ya Alps barani Ulaya kitu cha kwanza watu wanachocheki kwenye simu ni namba mbili, theluji ya juu sentimita kadhaa na theluji ya chini sentimita kadhaa, alafu kwa hizo namba mbili tu mtu anakata tiketi, analipia hoteli na kupanga likizo ya familia nzima. Mimi nasema wazi, katika taarifa zote ambazo risoti inatoa asubuhi hiyo ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote na bado ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa. Kinachoamua siku yako mlimani itakuwaje ni vitu vingine kabisa: nyuzi sifuri, yaani ule urefu ambao hewa inaanza kugandisha, leo iko mita ngapi, upepo wa kule juu unatoka wapi na una nguvu kiasi gani, na hiyo theluji utakayoikanyaga imepitia nini wiki mbili zilizopita. Ukiwa na hivyo vitatu hata usipoijua sentimita uko vizuri, lakini ukiwa na sentimita peke yake ni sawa na mtu kauziwa gunia akaambiwa urefu wake tu, ndani kuna nini hajui.

Tuichukue Zermatt kule Uswisi kama mfano maana kila kitu ninachotaka kusema kinaonekana pale. Kijiji chenyewe kiko mita 1,608 juu ya usawa wa bahari, na gondola ya mwisho, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, inakupeleka mpaka kituo cha Klein Matterhorn kwenye mita 3,883, ambacho ndicho kituo cha juu kuliko vyote Ulaya. Hapo katikati kuna zaidi ya mita 2,200. Hewa kwa wastani inapoa kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwahiyo kati ya mlango wa hoteli na pale gondola inapokushusha kuna tofauti ya karibu nyuzi 15, na hapo upepo bado hatujauweka. Sasa apu ya kawaida ya simu inakuandikia "Zermatt nyuzi 3, jua" na wewe unavaa koti jepesi, kumbe juu ni nyuzi -12 na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ambapo ngozi inahisi kama ni nyuzi -24 hivi. Apu haijadanganya, imekupa hali ya hewa ya kijijini, ila wewe huendi kuskii kijijini.

Ndio maana watu wanaoishi na milima ile swali lao la kwanza sio "kuna joto gani", ni "nyuzi sifuri iko wapi leo". Yaani ule urefu ambao hewa inafika nyuzi 0, juu yake kunaganda na chini yake kunayeyuka. Namba hiyo moja inakupa picha ya mlima mzima. Wakisema nyuzi sifuri iko mita 2,400 unajua moja kwa moja kwamba njia za chini ya hapo mchana zitakuwa za majimaji, na kama kuna mawingu yanayoleta kitu basi chini itakuwa mvua na juu theluji. Mpaka wa theluji na mvua wenyewe hauko pale pale kwenye nyuzi sifuri, kwa kawaida unashuka mita 200 mpaka 400 chini yake kwa sababu chembe za theluji zinahitaji muda na joto ili ziyeyuke zikiwa njiani.

Na hapa kuna kitu kinachowachanganya watu kila mwaka. Kwenye bonde jembamba lililofungwa na kuta za milima, mvua ikiwa kubwa na upepo hakuna, theluji inayoyeyuka hewani inanyonya joto la hewa ya bondeni, hewa inapoa, na mpaka wa theluji unashuka mamia ya mita chini ya ule uliotabiriwa. Utabiri umesema mvua mpaka mita 1,500, watu wanaamka mita 1,000 kumekuwa kweupe. Bonde la jirani ambalo ni pana na upepo unapita inanyesha mvua tu mpaka mwisho. Sasa mtu anasema watabiri hawajui kazi yao, hapana jamani, wanajua, ila ramani ya utabiri ina miraba na bonde moja linaweza kuwa dogo kuliko mraba wenyewe.

Tukija kwenye upepo ndipo penye mambo makubwa zaidi, na kwa mtazamo wangu ndiyo habari inayofichwa kuliko zote, sio kwa nia mbaya lazima, ila hakuna anayenunua tiketi kwa sababu ya upepo.

Kwanza upepo unaamua kama lifti zitafanya kazi. Unaweza kuwa na theluji nzuri ya usiku, jua limetoka, mbingu ya buluu, na bado gondola zote za juu zimesimama kwa sababu kule kwenye vilele kunavuma kuliko waya unavyoruhusiwa kubeba watu. Kijijini hata jani halitikisiki. Watu wanapanga foleni, wanauliza mbona wamefunga na hali ya hewa ni nzuri hivi, hali ya hewa ni nzuri hapo ulipo wewe, mita 2,000 juu yako ni dunia nyingine.

Mfano mkubwa wa hili ni yale mashindano ya kombe la dunia ya kushuka kwa kasi yaliyopangwa kati ya Zermatt na Cervinia, wanaanzia upande wa Uswisi karibu mita 3,700 na kumalizia upande wa Italia. Mwaka 2022 yakafutwa yote kwa sababu sehemu ya chini ya njia haikuwa na theluji ya kutosha, ilikuwa mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba na joto lilikuwa limekataa kuondoka. Mwaka 2023 wakasogeza tarehe mbele hadi katikati ya Novemba, safari hii theluji ikaja nyingi kupita kiasi, na ilipotulia upepo ukachukua nafasi yake, yakafutwa tena yote. Mbio nane zilipangwa kwa miaka miwili na hata moja haikukimbiwa, msimu uliofuata wakaziondoa kabisa kwenye ratiba. Mimi naona hii ndiyo hadithi nzima ya risoti za juu sana, unapanda juu kuikimbia shida ya joto, unakutana na shida ya upepo, na hakuna brosha inayokuambia kwamba mita 3,500 inakuja na siku nyingi za kufungiwa.

Pili upepo unahamisha theluji. Ule upande unaopigwa na upepo theluji inakwanguliwa mpaka unaona mawe na barafu ngumu, na upande wa nyuma ya mgongo wa mlima inarundikwa kwa wingi, imegandamizwa, mara nyingi ni nzito na haikubali skii kuzama vizuri. Sasa ile fimbo ya kupimia imesimama wapi? Ikiwa imesimama kwenye kibonde kinachopokea theluji ya upepo, itakuambia sentimita 220 wakati mita 300 pembeni kuna sentimita 30 na mawe yanachungulia. Zote mbili ni kweli. Ndio maana nasema ile namba ya ripoti bila kutaja imepimwa wapi, saa ngapi, mwelekeo gani wa mlima, ni namba ya mapambo.

Na tatu ni upepo wa Föhn, ambao mtu yeyote anayekwenda Alps inabidi aujue kwa jina. Hewa yenye unyevu inatoka kusini, upande wa Italia, inagonga ukuta wa milima na kupanda, ikipanda inapoa na kumwaga maji yake yote huko huko kama mvua na theluji, na kwa kuwa mvuke ukigeuka maji unatoa joto, hewa inapoa taratibu, kama nyuzi 5 au 6 kwa mita 1,000. Ikishavuka mgongo na kushuka upande wa kaskazini sasa ni kavu, na hewa kavu inayoshuka inapata joto kwa karibu nyuzi 10 kila mita 1,000. Piga hesabu mwenyewe, inafika chini ikiwa na joto kubwa kuliko ilivyokuwa nalo ilipoanzia kwenye urefu ule ule upande wa pili, na kavu kiasi kwamba theluji nyingine inapotea hewani bila hata kupitia kuwa maji. Katikati ya Januari mji kama Innsbruck wa Austria unaweza kuamka na hali ya hewa ya masika ya Ulaya, yaani ule msimu wa joto la wastani unaokuja baada ya baridi.

Hii ina maana kwamba siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, milima ile ile, upande mmoja wa mpaka wanazikwa na theluji na upande mwingine wanavua makoti. Zermatt imekaa katikati ya mabonde makavu kabisa ya Alps, imezungukwa na vilele pande zote vinavyoiibia mvua, theluji yake kubwa mara nyingi inategemea kile kinachofurika kutoka upande wa kusini na kuvuka mpaka. Kwahiyo mtu akikuambia "Alps zinatarajia theluji nyingi wiki ijayo" muulize Alps zipi. Upepo wa kaskazini magharibi unaneemesha Arlberg ya Austria na Engelberg ya Uswisi na upande wa kaskazini kwa ujumla, na kusini wanapata Föhn yao pia na jua. Upepo wa kusini unageuza kila kitu. Alps ni safu ya zaidi ya kilomita 1,000, kuiongelea kama sehemu moja haina maana yoyote.

Nirudi kwenye sentimita maana nimezisema vibaya na inabidi nieleze vizuri. Theluji mpya iliyoanguka kwenye baridi bila upepo inaweza kuwa na uzito wa kilo 50 mpaka 100 tu kwa mita ya ujazo, karibu yote ni hewa, ndiyo ile theluji ya unga ambayo watu wanasafiri bara zima kuifuata. Kesho yake imeshajikalia yenyewe, sentimita 40 zimekuwa 28, na hakuna kilichoyeyuka. Theluji ya mashine inayomwagwa na ile mizinga ya kurushia theluji ni kilo 400 hadi 500 kwa mita ya ujazo, ni punje za duara ndogo ndogo, sio nyota. Kwahiyo sentimita 40 za mashine zilizosawazishwa na mtambo zinabeba msimu mzima wa skii, sentimita 40 za unga zinakupeleka moja kwa moja kwenye jiwe. Ukiangalia ripoti zote zimeandikwa 40.

Alafu kuna suala la ukweli wenyewe. Wachumi wawili wa chuo cha Dartmouth kule Marekani, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, walichukua ripoti za theluji mpya ambazo risoti za Amerika Kaskazini zinazitoa zenyewe, wakazilinganisha kati ya siku za katikati ya wiki na wikendi. Mawingu hayajui Jumamosi ni nini, lakini ripoti za risoti zilionyesha theluji mpya zaidi wikendi, kati ya asilimia 10 na 23 zaidi kutegemea wamepiga hesabu kwa njia gani, na risoti zenye cha kupata zaidi kwa kuongeza chumvi ndizo zilizoongeza zaidi. Kinachonifurahisha kwenye utafiti ule ni sehemu ya mwisho, ilipokuja apu ya simu iliyowaruhusu watu walioko mlimani kuandika hali halisi wanayoiona, uongo ukapungua ghafla, na ulipungua zaidi kwenye risoti ambazo mtandao wa simu unashika vizuri. Yaani walijua wanafanya nini. Sisemi kila risoti ya Alps inafanya hivyo, data zile ni za Amerika Kaskazini, nasema tu kwamba aliye na bidhaa ya kuuza ndiye anayeshika rula, na hilo peke yake linatosha mtu kufungua kamera za moja kwa moja na kuangalia kwa macho yake kabla hajaamini fimbo ya mtu.

Kuna watu wanasema mimi haya yote hayanihusu, mimi naskii kwenye njia zilizosawazishwa tu, zile njia kila siku ni nzuri. Ni kweli ni nzuri, ila ukiona vyaelea vimeundwa. Italia karibu asilimia 90 ya njia zake zina mitambo ya kutengeneza theluji, Austria nao wako juu sana, Uswisi ni zaidi ya nusu. Na mitambo hiyo nayo inategemea hali ya hewa ile ile, kinachohesabika sio joto la kawaida bali joto la kipimajoto chenye unyevu, yaani kilichofungwa kitambaa chenye maji ambacho husoma chini zaidi hewa ikiwa kavu, kinatakiwa kiwe kama nyuzi -2 au -3 kushuka chini. Maana yake usiku wa nyuzi 1 juu ya sifuri na hewa kavu kweli kweli mizinga inaweza kufanya kazi, na usiku wa nyuzi -1 wenye ukungu haiwezi. Ukiona Desemba ina joto na ukungu bondeni ujue hata pesa haitasaidia.

Januari 2023 dunia nzima iliona picha za Adelboden kule Uswisi, mashindano ya kombe la dunia yanakimbiwa kwenye utepe mweupe wa theluji ya mashine na pembeni nyasi na udongo wa kahawia. Wiki moja kabla, siku ya mwaka mpya, Delémont kaskazini magharibi mwa Uswisi walipima nyuzi 20.2, mara ya kwanza upande wa kaskazini wa Alps kufika nyuzi 20 mwezi wa Januari. Ule utepe uliwezekana kwa sababu theluji ilitengenezwa kabla, Desemba ilipokuwa na baridi. Bila zile siku za baridi hakuna utepe.

Sasa nizungumzie jambo ambalo linanikera kuliko yote, na hapa sio suala la likizo kuharibika, ni suala la watu kufa. Kipimo cha hatari ya maporomoko ya theluji kinachotumika Ulaya tangu 1993 kina ngazi 5. Watu wanaona ngazi ya 3 na wanafikiri ah, katikati, hatari ya kawaida. Sio katikati. Kipimo kile hakipandi kwa hatua sawa, kila ngazi hatari inaruka kwa kiasi kikubwa, na ngazi ya 3 maana yake mtu mmoja tu akipita kwenye mteremko mkali anaweza kuuangusha. Uswisi karibu nusu ya vifo vya maporomoko vinatokea siku za ngazi ya 3. Ngazi ya 4 inatisha, watu wanaiheshimu, na ngazi ya 5 wako ndani ya nyumba. Ya 3 ndiyo inayowachukua, kwa sababu mara nyingi ni siku nzuri, dhoruba imepita, jua, unga mpya haujakanyagwa, kila mtu anataka awe wa kwanza.

Na karibu asilimia 90 ya wanaofukiwa, poromoko limeanzishwa na wao wenyewe au mtu wa kundi lao. Halianguki tu kutoka juu kama watu wanavyofikiri. Linakuwa bamba, yaani tabaka gumu la theluji iliyogandamizwa na upepo limekaa juu ya tabaka dhaifu, mteremko umeinama kwa pembe ya nyuzi 30 au zaidi, uzito wa mtu unavunja lile tabaka la chini na ufa unakimbia kwa kasi kuliko unavyoweza kugeuka. Lile tabaka dhaifu linatoka wapi? Linatoka kwenye hali ya hewa ya wiki zilizopita. Usiku mtulivu usio na mawingu mwezi Novemba au Desemba, theluji nyembamba, chini ardhi ina joto la karibu nyuzi 0 na juu hewa ni -15, mvuke unapanda ndani ya theluji na kuzigeuza zile punje kuwa kama sukari ya chenga isiyoshikana. Alafu zinafunikwa, hakuna anayeziona tena, na zinaweza kukaa pale mpaka Machi. Ndio maana miaka yenye theluji kidogo mwanzoni inaweza kuwa ya hatari kuliko miaka ya theluji nyingi. Ukiangalia tu sentimita utafikiri kinyume chake.

Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko, SLF, iko Davos na uwanja wao wa kupimia pale Weissfluhjoch unafanya kazi tangu 1936. Wakati wa baridi taarifa yao inatoka saa 11 jioni na kurekebishwa saa 2 asubuhi. Sio ngazi peke yake, wanaandika hatari iko urefu gani kwenda juu na miteremko inayotazama wapi, na tatizo ni la aina gani, theluji ya upepo, tabaka dhaifu la zamani au theluji iliyolowa. Hayo maelezo ndiyo yenye thamani. Ngazi bila maelezo ni ile ile sentimita nyingine, namba moja inayokufanya ujisikie umejua.

Mvua kubwa ya theluji nayo inapokuja kweli inakuja na gharama yake. Januari 2018 Zermatt ilikatika kabisa, barabara na reli zimefungwa, hatari iko ngazi ya 5, watalii kama 13,000 wamekwama kijijini, na baadhi yao wakatolewa kwa helikopta mpaka kijiji cha jirani cha Täsch, safari ya dakika chache tu. Aprili 2025 kikakatika tena, na umeme ukakatika. Hakuna aliyekufa kijijini Januari ile na hilo ni la kusifiwa, limetokana na uamuzi wa kufunga mapema, uamuzi ambao ulijifunzwa kwa maumivu ya Februari 1999 pale Galtür upande wa Austria walikokufa watu 31 kwa poromoko moja, na Montroc karibu na Chamonix kule Ufaransa walikokufa 12. Kwahiyo mtalii anayelalamika kwamba wamefunga barabara na theluji ndiyo imeanza tu, avumilie, wanaofunga wanajua kwa nini.

Kuna kitu cha kufurahisha kidogo nikiseme haraka. Desemba na Januari kukiwa na mgandamizo mkubwa wa hewa, baridi inazama bondeni na kukaa kama bwawa, juu yake kuna kofia ya ukungu, na juu ya ukungu jua linawaka na joto ni kubwa kuliko chini. Ile kanuni ya nyuzi 6.5 inapinduka. Kijiji kina nyuzi -8 na kiza, mita 2,000 kuna nyuzi 4 na unaona bahari ya mawingu chini ya miguu yako. Siku kama hiyo mtu anayechungulia dirishani na kurudi kitandani amepoteza siku bora ya wiki, afungue kamera za juu.

Masika nayo ina mantiki yake tofauti. Machi na Aprili kinachohesabika ni usiku ulikuwaje. Usiku wa nyota theluji inatoa joto lake kwenda angani na kuganda juu hata kama hewa ilikuwa nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri, asubuhi ni ngumu, saa 4 au 5 juani inalainika sentimita mbili tatu za juu na hapo ndipo kuna skii tamu kuliko zote kwa maoni yangu, tamu kuliko hata unga, alafu kufika saa 7 mchana imekuwa uji na miteremko mikali inaanza kuachia. Usiku wa mawingu hauigandishi kabisa, hata kama kipimajoto kinaonyesha joto lile lile, na asubuhi yake ni bora ubaki chini. Ongeza vumbi la Sahara, kama lile la Februari 2021 lililogeuza Alps rangi ya chungwa, theluji safi inarudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga, ikichafuka inameza jua na kuondoka mapema kuliko ilivyopaswa.

Na nyuma ya yote haya mstari mkubwa unaelekea upande mmoja. Alps zimepata joto la karibu nyuzi 2 tangu mwisho wa karne ya 19, kama mara mbili ya wastani wa dunia. Kina cha theluji kati ya Novemba na Mei kimekuwa kikipungua kama asilimia 8.4 kila miaka 10 kati ya 1971 na 2019. Barafu za kudumu za Uswisi zilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023, na mwisho wa Julai 2022 Zermatt yenyewe, inayojulikana kwa kuskii siku 365, ililazimika kusimamisha skii ya kiangazi. Utafiti uliotoka 2023 ukaangalia risoti 2,234 za Ulaya, dunia ikipata joto la nyuzi 2 basi asilimia 53 zitakuwa kwenye hatari kubwa sana ya kukosa theluji bila mitambo, ikifika nyuzi 4 ni asilimia 98. Risoti za mita 1,200 na 1,400 wanajua hili, na wanaotangaza bado "theluji ya uhakika" kwenye urefu huo wanamkosea mteja anayelipa Agosti kwa ajili ya Februari, maana Agosti hakuna utabiri wowote wa siku, kitu pekee unachoweza kununua ni urefu wa mlima, mwelekeo wa kaskazini, na haki ya kughairi.

Kwahiyo ninachodai ni hivi. Ukurasa wa ripoti ya risoti uanze na nyuzi sifuri ya leo na kesho, upepo wa kwenye vilele, usiku uliganda au haukuganda, njia zilizo wazi ni asilimia ngapi za mashine, na sentimita zikija zije na jina la mahali, urefu na saa ya kupimwa. Hakuna kipya cha kununua hapo. Uswisi peke yake ina zaidi ya vituo 150 vinavyojipima vyenyewe kule juu, vinatuma upepo, joto na kina cha theluji mchana na usiku na mtu yeyote anaweza kuvisoma bure. Wanaoendesha lifti wanavisoma kila asubuhi kabla hawajaamua kufungua, wakaviweke na mteja avione kabla hajalipa.